Michezo Isiyokuwa na Baba

Mwalimu hakuweza kumvumilia mtu anayekuna kichwa jukwaani. Ukiwa mazoezini ukafika mahali ambapo mhusika wako anatakiwa kufikiri, na mkono ukapanda wenyewe kuelekea kichwani, alikuwa anasimamisha kila kitu.

"Mtu akifikiri hakuni kichwa," alisema. "Anayekuna kichwa ana chawa. Sasa tuambie, huyu daktari wako ana chawa?"

Alifundisha shule ya msingi huko Gesima mpaka akastaafu, lakini sisi tuliomjua kwa mchezo hatukujali hesabu wala jiografia yake. Kwetu alikuwa mwalimu wa vitu vidogo: mtu anavyoshika kikombe, anavyovua kofia, anavyofunga mlango akiwa na hasira na anavyoufunga akiwa na siri. Aliongoza kikundi cha vijana cha kanisa, na michezo yetu tuliizungusha Nyamira yote na kuvuka hadi Kisii mjini, popote tulipopewa ukumbi na chai. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake waulizeni watu wa Gesima. Hao wanazijua, na wakianza kuzieleza mtalala huko.

Nimemfikiria sana mwaka huu kwa sababu ya shida yangu mwenyewe. Siku hizi ninaandika michezo ya redio mjini, na nimepewa mchezo mrefu kuliko yote niliyowahi kuandika, wa familia moja na baba yao. Mama alikubali kuwa hai tangu ukurasa wa kwanza. Watoto nao walikuwa wakigombana vizuri. Baba ndiye aliyenishinda.

"Anakohoa, anapiga meza, anasema 'katika nyumba hii'," mkuu wa vipindi aliniambia. "Kila baba wa redio anafanya hivyo. Usiponipatia mtu kabla mwezi haujaisha, hii kitu nitampa mwandishi mwingine."

Sikulala vizuri. Nimeandika vipindi vifupi vya kuchekesha kwa miaka, na huu ulikuwa mlango wangu wa kutoka huko. Sikutaka kuuona ukifungwa kwa sababu ya mzee mmoja asiyejua kuishi.

Sheria kubwa ya Mwalimu ilikuwa kitu kimoja. Ukitaka kumtengeneza mhusika, nenda soko la Birongo siku ya soko, chagua mtu mmoja, umwangalie mpaka afunge biashara, kisha urudi na kitu kimoja tu anachofanya. Mimi, kwa kuwa nilijiona hodari, nilirudi na vitatu. Nilikuwa nimemwangalia mama mmoja muuza ndizi. Alikuwa akilamba kidole gumba, akipandisha leso begani, na akicheka kabla ya kusema.

"Chagua," Mwalimu akasema. "Mtu mwenye tabia tatu kwa mara moja ni mgonjwa, au ni mchezo mbaya."

Nikachagua kicheko.

"Anacheka kwa nini kabla hajasema?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi umeniletea ganda. Ndizi umeiacha sokoni."

Nikarudi Birongo siku nyingine ya soko, nikajikunja karibu na huyo mama hadi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Ilinichukua mchana mzima kugundua kwamba hakuwa akicheka ovyo. Alicheka pale tu alipokuwa anakaribia kutaja bei ambayo yeye mwenyewe aliiona kali. Kicheko kilitangulia kuomba msamaha. Nilipomweleza Mwalimu, aligeukia dirishani, akasema, "Sasa umeleta mtu," na siku hiyo nilitembea hadi nyumbani bila kuhisi kilima.

Alikuwa na vita maalumu na vilema. Kila kijana aliyepewa nafasi ya mwizi alikuja akichechemea. Mwalimu angemuuliza: alianza kuchechemea lini? Mguu gani? Akipanda ngazi je? Na viatu vyake vinalika upande gani? Kijana mmoja, fundi wa baiskeli, aliyajibu maswali yote vizuri, akapewa nafasi. Siku ya onyesho, mbele ya wazee wa kanisa, aliingia akichechemea mguu wa kushoto, akaiba kuku, akatoka akichechemea wa kulia. Mwalimu alisimama kutoka kiti cha mbele kabisa.

"Kijana! Mguu umepona saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, Mwalimu," mwizi akajibu bila kumwachilia kuku. "Ni maombi ya hawa wazee."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mwalimu alimkaripia vikali baadaye, na mchezo uliofuata akampa nafasi kubwa.

Alikuwa mkulima wa chai pia, na mahali alipopapenda kuliko kanisa, ingawa nisinukuliwe, ni kituo cha kupimia majani. Watu wakisubiri zamu, wanaachia mikono yao ifanye inavyotaka. Wapo wanaoangalia mzani, alisema, na wapo wanaomwangalia karani, na hao ni watu wa aina mbili ambao hawafai kuoana. Wapo wanaoshindilia majani kikapuni kwa mkono mmoja huku mwingine ukimsalimia jirani. Aliwakodolea macho hadi mama mmoja akaenda kumshtaki kwa mkewe.

"Mzee wako ananiangalia mikono."

"Shukuru ni mikono," mkewe akajibu, akaendelea kuchambua mboga zake za chinsaga. Mkewe alikuwa wa majibu mafupi, na nadhani nusu ya mazungumzo ya michezo yetu yalitoka jikoni kwake, ingawa hakuna aliyewahi kumshukuru jukwaani.

Msidhani alikuwa mtu mwepesi. Alikuwa mkaidi, na alikuwa na mambo yanayogongana. Mzee wa kanisa wa Kisabato, hangezungumzia mchezo siku ya Sabato hata kama ukumbi umeungua. Lakini ibada ikiendelea nilimwona mara nyingi akimchungulia mwinjilisti mgeni kwa jicho la mtu anayepima kitambaa. Alitufundisha kwamba kila binadamu ana tabia yake ndogo isiyofichika, kisha akajitoa yeye. "Mimi sina," alisema. "Mimi ni mwangalizi." Na huyu ni mtu aliyekuwa akimgombeza ng'ombe wake kwa Kiswahili, akimbembeleza kwa Ekegusii, na akimwitia daktari wa mifugo kwa Kiingereza, yote asubuhi moja. Hakuna ambaye angethubutu kumwonyesha alivyo.

Hapo lazima nieleze jambo, maana bila hilo kosa letu kubwa halitaeleweka. Kwetu kuna kitu tunakiita ensoni. Ni haya yenye heshima, na inakaa kati ya mzazi na mtoto, na kati yako na kila aliye wa rika la baba na mama yako. Huingii chumba cha baba yako. Humtanii. Na kumwiga anavyotembea au anavyoongea, hilo halikupiti hata kichwani. Lakini kwa babu na bibi uzio huo haupo. Ukimwiga babu yako mbele yake, mgongo umeukunja na mdomo umeufanya wa mapengo, atacheka mpaka akohoe, halafu atakuita mke wake au mume mwenzake na kukupa ndizi.

Sasa chukua vijana waliolelewa hivyo, waambie, "Leteni tabia za watu mnaowajua vizuri." Watamleta nani?

Ulikuwa mchezo wa harusi. Tulifanya mazoezi kwa miezi, na Mwalimu mwenyewe aliridhika. Tukaupeleka mjini, kwa mama mmoja mshonaji aliyetushonea nguo za mchezo. Alikuwa Mwislamu, wa familia ya wafanyabiashara karibu na msikiti, na Kiswahili chake kilitufanya sote tujisahihishe kimoyomoyo. Aliketi na pini mdomoni, akatutazama mwanzo hadi mwisho, kisha akazitoa pini.

"Mwalimu, samahani, mie si mtu wa michezo," akasema. "Lakini mbona harusi hii haina kijana hata mmoja? Bwana harusi mzee. Polisi mzee. Hata huyu mtoto wa shule amejishika kiuno."

Tukatazamana. Bwana harusi wetu alikuwa amesimama akiegemea hewa, mahali ambapo fimbo ya babu yake ingekuwa. Bibi harusi alikuwa anavuta shali ya bibi yake. Polisi alikuwa anatafuna bila kitu mdomoni. Kijiji kizima cha wazee kilikuwa kinaozana, na hakuna mtu wa Nyamira, Mwalimu akiwa wa kwanza, aliyekuwa ameona ajabu yoyote.

Mwalimu hakucheka. Mazoezi yaliyofuata alitukalisha kwenye nyasi.

"Ni ensoni imetufunga," akasema. "Tumeiba kwa babu zetu kwa sababu ndiko mlango uko wazi."

"Sasa tutamwiga nani, Mwalimu?" fundi baiskeli akauliza.

"Si muko na macho? Nendeni kwa watu wasio wenu."

Ndipo sheria ya Birongo ilipozaliwa, na ndiyo iliyotuponya. Tukapata vijana kwenye vibanda vya simu, tukapata polisi barabarani, tukapata akina mama kwa shangazi za marafiki. Lakini baba hatukumpata. Mwalimu alilieleza hili mara moja tu, nami sijalisahau. Sokoni, alisema, utamwona mwanamume. Baba huwezi kumwona huko, kwa sababu yeye yuko nyumbani tu, na nyumbani kwa mwenzako ukiingia, anageuka kuwa mwenyeji.

Kwa hiyo michezo yetu haikuwa na baba. Niliikumbuka yote mwaka huu, mmoja baada ya mwingine, nikiwa nimekwama mezani kwangu Kiogoro, pembeni mwa mji, nikacheka peke yangu. Baba wa mchezo wa harusi alikuwa Kericho kwenye chai. Baba wa mchezo wa mwizi alikuwa amelala. Kuna mmoja aliyekuwa njiani kutoka Nairobi maonyesho yote, na alikuwa bado hajafika pazia lilipofungwa. Mtu yule yule aliyekataa kichwa kikunwe bila chawa alikuwa ameacha shimo katikati ya kila familia aliyoitengeneza, na shimo hilo ndilo nililorithi.

Mwezi ulipokaribia kuisha, nilimchukua binti yangu Kemunto, ambaye shule yao ilikuwa imefungwa, tukaenda Gesima. Ilikuwa Jumapili, asubuhi yenye jua. Tulimkuta Mwalimu uani, amekonda kidogo, masikio mazito kidogo, kofia ile ile ya siku za mazoezi. Mkewe alituletea chai na ndizi mbivu, akanitazama tumbo.

"Redio inalisha," akasema, akarudi jikoni.

Nilimsomea Mwalimu kurasa zangu. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika mahali baba anapopiga meza, aliinua mkono.

"Huyo si baba. Huyo ni askari amevaa kandambili."

"Ndiyo maana nimekuja, Mwalimu. Wakimkataa huyu, mchezo wote unaenda kwa mtu mwingine. Nifundishe baba."

Akafumbua macho. "Ningekufundisha wapi, na mimi sikuweza? Baba yangu nimeishi naye mpaka nikaoa. Sikuwahi kumwangalia usoni akila. Nakumbuka sahani yake. Yeye simkumbuki akitafuna." Alisema hivyo taratibu, na niliona linamuuma, na kwa kuwa yeye ni wa rika la baba yangu, nikaangalia chini.

Kisha akamgeukia Kemunto, uso wake ukabadilika wote. Na hili ni jambo la kwetu pia: kwa mtoto wangu yeye ni babu.

"Wewe, mke wangu. Umekaa hapa tangu asubuhi unanikodolea. Niige."

Kemunto hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akaniashiria niseme kitu. Nikasema barabara ya kuja ilikuwa na matope. Basi yule mtoto akanitazama kwa heshima kubwa, na midomo yake, bila sauti, ikarudia: *na matope*. Nikasema mvua ilinyesha jana. Midomo ikarudia: *jana*.

Ni kweli. Miaka yote ya mazoezi, kila tulipomweleza Mwalimu jambo, midomo yake ilirudia maneno yetu ya mwisho, na kwa sababu hiyo kila mmoja wetu aliamini amesikilizwa. Nilikuwa nimekaa mbele ya midomo hiyo ujana wangu wote bila kuiona.

"Mimi?" Mwalimu akasema. "Mimi nafanya hivyo?"

"Tangu unioe!" mkewe akapaza sauti kutoka jikoni.

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. "Mwangalizi ameangaliwa," akasema. "Haya. Sasa mwige baba yako."

Kemunto akasimama. Mikono ikaenda nyuma ya mgongo.

"Yaya, sokoro," akasema. Hapana, babu.

"Fanya tu," nikamwambia. "Mimi sina shida." Na sikuwa na shida. Mimi ni mtu wa mjini. Mtoto wangu ananiita dadi, na hakuna siku niliyomkalisha nikamfundisha habari za ensoni. Lakini aliangalia viatu vyake kama mimi nilivyoangalia vyangu muda mfupi uliopita, na hakuna maneno yaliyoweza kumtoa hapo. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Kumbe nami nilikuwa nimekuwa mtu asiyetazamwa akila.

Mwalimu alinitazama mimi, si yeye.

"Hebu niangalizie ng'ombe," akasema. "Naona kama kamba imelegea."

Nilikwenda. Zizi liko nyuma, baada ya migomba. Kamba ilikuwa imekaza, fundo lake safi. Nikampapasa ng'ombe kidogo, nikarudi, na nilipofika kwenye ukuta wa nyumba nikasikia mtu akisafisha koo mlangoni, mara mbili, kisha funguo zikitupwa juu ya sahani ya bati.

"Mama yenu ako wapi?" sauti ikauliza, nzito, yenye haraka. Ilikuwa sauti yangu.

"Na mama yuko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Si ako hapo tu, sokoro! Mbele yake! Anauliza hivyo kila siku. Halafu anafungua sufuria, anafunika, anasema 'sawa'."

Kicheko cha Mwalimu kilikuwa cha namna ambayo sikuwahi kuisikia. Sisi hakuwahi kutuchekea hivyo. Tulikuwa watoto wake. Mkewe alikuwa ametoka jikoni, maana naye nilimsikia, akipiga mapaja.

"Halafu?"

"Halafu anakaa kwa kiti, anavua kiatu kimoja. Simu inalia. Anaongea, anaongea, anasahau kingine. Anakaa tu hivyo na kiatu moja. Sisi wote tunanyamaza. Hata TV tunapunguza."

"Mnamwogopa?"

"Hapana! Mama alisema tusimkumbushe. Akivua ya pili anakumbuka kazi, anaenda kwa kompyuta, anajifungia. Lakini akiwa na kiatu moja, anakaa na sisi."

Nilisimama pale ukutani na kurasa zangu mkononi. Nilikuwa nimeandika nyumba inayonyamaza baba akiingia, na nilikuwa nimeijaza hofu, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kuweka ndani ya kimya hicho. Sasa nilikuwa na koo, na funguo, na mtu anayemuulizia mke aliye mbele yake, na familia nzima imepunguza televisheni ili asiondoke. Nilijua mkuu wa vipindi angempokea baba huyu. Furaha ilinijaa hadi macho yakaniuma, na mguu mmoja ulikuwa tayari umeanza kuelekea mlangoni.

"Na akilala kwenye kiti?" Mwalimu akauliza.

"Ngoja nikuonyeshe," Kemunto akasema, na kiti kikaburutwa.

Nikaurudisha mguu. Nilipita tena kwenye migomba, nikaenda nikasimama na ng'ombe aliyefungwa vizuri, na sikutoka huko mpaka waliponiita.